Sili, Siyo Siri

Watu wakiniomba nisimulie, hutaka nianze na siku niliyopimwa. Siku ile haikuwa na mengi. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, nikatolewa damu kliniki ya wajawazito kule Biharamulo, nikaitwa chumba cha ndani, nikaambiwa nina virusi, nikalia nimejiziba mdomo kwa kanga, nikapewa dawa. Nikameza. Mtoto wangu Devotha akazaliwa hana kitu, na alipopimwa mara ya mwisho nesi alitupigia makofi pale pale mlangoni. Baada ya hapo nililima mahindi na mihogo Runazi miaka minne kama mwanamke mwingine yeyote, na virusi vyangu vikashuka mpaka kipimo kikawa hakivioni.

Kwa hiyo nikisema niliugua, sisemi hayo. Nasema ugonjwa ulionijia baadaye, ambao wataalamu wanauita sonona na sisi wengine wote tunauita mawazo. Huo ndio uliotaka kuniua, tena ulisaidiwa na watu wenye nia njema. Namwandikia mwanamke ambaye dawa zake ziko kwenye kopo na mkono haufiki. Nawaandikia pia wale walionisaidia vibaya, na sitawaremba.

Ulianza na mume wangu. Alijua hali yangu na alijua hali yake, tulikuwa tukimeza pamoja saa moja jioni, tukitaniana nani amesahau. Kiangazi kimoja akaenda machimboni kutafuta dhahabu, na hakurudi. Alituma maneno kwa ndugu yake kwamba nisimsubiri, amepata mwanamke mzima. Mzima! Mtu mwenye virusi vilevile, aliyelala na mimi kitanda kimoja, anasema amepata mzima. Nilitafuta cha kujibu mpaka mvua za vuli zikaanza, kisha nikafunga vitu vyangu, nikambeba Devotha, nikarudi kwetu Mabawe, wilaya ya Ngara, kwa mama.

Mama yangu ni mtu wa sala, anaongoza rozari kwenye jumuiya yetu, na shambani hakuna kijana anayemshinda. Alinipokea vizuri. Siku ya tatu tukiwa tunamenya ndizi akaniuliza kwa nini nimekonda na kwa nini nimeachwa, nami nikamwambia ukweli wote, kwa sababu ni mama yangu. Alimaliza kumenya ule mkungu mzima. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio, akaenda, akarudi na bakuli jipya la plastiki lenye mfuniko na kikombe chake. Akaweka msumari kwenye makaa, ulipowaka akachora msalaba chini ya bakuli na chini ya kikombe, ili mtu asikosee. Jioni chakula changu kikaja ndani ya bakuli lile.

Devotha alikuwa amezoea kula na mimi. Akaja na kijiko chake, akakaa. Mama akamshika mkono taratibu tu, wala hakumkaripia, akampeleka kwenye sinia alikokula yeye na watoto wawili wa kaka yangu. Mtoto akawa ananiangalia kutoka kule, anatafuna. Hapo ndipo chakula kilipogoma kupita kooni.

Sikukataa kula kwa makusudi, naomba mnielewe. Nilikuwa napeleka tonge mdomoni, naliona lile bakuli, na koo linafunga. Nikawa nazunguka nyuma ya migomba nawamwagia kuku, kisha narudisha bakuli tupu. Mama akaridhika, akidhani nakula. Kuku wakanenepa, mimi sketi zikaanza kuanguka, nikawa nazifunga kwa kitambaa chini ya blauzi. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Nikikaa kwenye benchi la kanisa mifupa inauma mpaka naomba padri afupishe mahubiri. Na dawa, zile nilizozimeza miaka minne bila shida, tumbo tupu likawa linazirudisha. Nikaanza kuruka siku moja, kisha mbili.

Wakati huo mvua za vuli zilikuwa zinaelekea mwisho na maharage yamefunga. Ikafika tarehe yangu ya kwenda CTC, kliniki ya sisi wenye virusi, kuchukua dawa. Mnaokwenda mnalijua lile benchi. Hakuna anayemwangalia mwenzake. Siku ile kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa ameugeukia ukuta, anasoma bango la vyandarua, saa mbili nzima, bango lenye mistari mitano. Mwanamke wa kijiji cha pili nilimfahamu kwa viatu vyake, maana uso ulikuwa ndani ya kanga, nami nikavuta kanga yangu, tukasalimiana kwa kukohoa. Nikapimwa uzito. Nesi akaangalia mzani, akaangalia kadi, akauliza kama nameza dawa. Nikasema nameza. Akauliza kama nakula. Nikasema nakula. Nyuma yangu kulikuwa na watu wengi na yeye alikuwa peke yake, kwa hiyo akaandika nilichosema. Ila alikuwa na macho, yule nesi. Akanielekeza kwa binti aliyekaa chini ya mwembe na kishikwambi, akaniambia kuna mradi mpya wa kusaidia akina mama kwa njia ya simu, kwa mambo ya moyo.

Yule binti alikuwa na maswali kumi na zaidi. Kwanza kama nina simu yangu mwenyewe, inayoingia mtandaoni. Ninayo, ina ufa, kioo chake nimekibandika selotepu. Kisha akasoma, macho kwenye kishikwambi: je, katika wiki mbili zilizopita umejihisi uko chini? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Nikasema hapana. Je, umepoteza hamu ya kufanya mambo ambayo kwa kawaida hukufurahisha? Nikamuuliza mambo gani hayo, akalirudia swali lilelile kama lilivyoandikwa. Nikasema hapana, kwa sababu sikuwa na orodha ya mambo yanayonifurahisha. Nilikuwa na jembe. Angeniuliza kama nina mawazo, ningejibu mpaka kishikwambi kiishe chaji. Hakuniuliza, na mimi sikujua kwamba naruhusiwa kusema lisiloulizwa. Hata hivyo akaniandikisha, akaniunganisha kwenye kundi la wasap la wanawake wa Ngara na Biharamulo, ishirini na kitu, wote wenye hali yangu. Aliyetuongoza alikuwa mshauri mmoja kijana aliyekaa Dar es Salaam. Nitamwita Dada Rehema, na jina lake siyo hilo.

Kila asubuhi Dada Rehema alitutumia maua na maneno. Wewe ni wa thamani. Jipende. Leo tafuta kona tulivu nyumbani kwako, funga macho, washa muziki laini, vuta pumzi ukihesabu mpaka nne. Kona tulivu! Nyumba yetu ina vyumba viwili na mbuzi. Siku nyingine akasema tujizawadie kuoga maji ya uvuguvugu polepole. Maji yenyewe nayabeba kichwani kutoka bondeni, na kuni za kuyapasha ni mgongo wangu. Sikumchukia. Nilikuwa nasoma, naona mtu aliye mbali sana, anayepunga mkono. Wenzangu walikuwa wanamjibu kwa alama za moyo na mikono iliyokunjwa, nami nikafanya hivyo hivyo, na ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba miongoni mwa mioyo ile mmoja ni wa mtu asiyekula.

Mawasiliano yenyewe yalikuwa kazi. Bondeni kwetu mtandao haupo, ukipanda kilimani simu inaweza kuhamia Burundi na kukukaribisha nchi ya watu. Kuna jiwe moja tu, karibu na mikahawa ya mjomba, ambapo unabaki Tanzania. Nilikaa pale siku tatu mfululizo nikitunga ujumbe. Mimi si mtu wa kulalamika, na Kiswahili nilikikuta shuleni. Nyumbani tunaongea Kihangaza. Mwisho nikaandika hivi, na nakunukulia kama ulivyo: "Dada mimi siku hizi siri. Wiki ya tatu sasa siri kabisa. Mama hajui."

Ewe msomaji uliyezaliwa pwani, usicheke kwanza. Sisi watu wa huku r na l ni mapacha wasiojulikana nani kulwa nani doto. Nilichosema ni sili. Sili chakula. Wiki ya tatu sili kabisa, na mama hajui, maana anaona bakuli limerudi tupu. Nilikuwa nalia kwa njia pekee niliyokuwa nayo.

Dada Rehema alijibu ndani ya dakika tano, tena pale pale mbele ya kundi zima. Akanishukuru kwa kumwamini. Akasema: "Siri yako iko salama hapa. Huna haja ya kumwambia mama mpaka utakapokuwa tayari. Endelea kwa kasi yako mwenyewe." Mioyo ikamiminika chini yake, myekundu, ya njano, ishirini na kitu.

Mimi nikasoma nini? Nikasoma kwamba kutokula kwangu ni siri, na siri hiyo iko salama, na mama asiambiwe, na niendelee. Mtaalamu amesema niendelee. Nilishuka kilimani nimetulia, na huo ndio utulivu ninaouogopa mpaka leo nikiukumbuka. Niliona kama nimepewa ruhusa. Kuanzia siku ile niliacha hata kujaribu, na kopo la dawa nikalisukuma nyuma ya gunia la maharage.

Nimelifikiria jambo hili sana, na hasira yangu haiko kwenye herufi. Herufi ni yangu. Hasira yangu ni kwamba mwanamke mwenye virusi akifungua mdomo, wote wanasikia siri. Wameshaiandaa siri kabla hajasema. Kliniki wanakupeleka chumba cha ndani, kopo la dawa unalitia pamba lisilie kwenye mkoba, kwenye mafunzo wanakufundisha umwambie nani na usimwambie nani. Ningeandika "Dada nina njaa", pengine angenijibu njaa yako iko salama. Mtu mwingine yeyote akisema wiki ya tatu hali chakula, watu wanauliza ana nini. Mimi nilipewa maua.

Siku ya sita tangu jibu lile nilianguka shambani. Tulikuwa tunang'oa maharage, nikainama, sikuinuka. Mama na jirani walinibeba mpaka kivulini, wakanimwagia maji. Mama alidhani ni ule ugonjwa wenyewe umeshafika pale unapofikaga, akaanza kusali sala ya wanaokufa. Nilimsikia. Nilitaka kumwambia mama, ni njaa, lakini nilikumbuka kwamba nimeambiwa nisimwambie.

Kesho yake simu iliita. Devotha ndiye aliyekuwa ameipeleka kilimani kwenye jiwe, kwa mazoea ya kuniona nikikaa pale, akarudi anakimbia nayo huku anapiga kelele kwamba kuna mtu amesema atapiga tena. Nikapanda na mama akinishika, nikamwambia naomba hewa. Aliyepiga alikuwa Mama Minza. Ni mwanamke wa kundini, Msukuma, familia yao ilihamia Nyamahanga na ng'ombe miaka mingi iliyopita. Hatukuwahi kuonana. Simu yake huchajiwa mara moja kwa wiki, siku ya gulio, ndiyo maana alikuwa amechelewa kusoma.

Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, hakuniuliza habari za nyumbani.

"Mama Devotha, ile uliyoandika. Ni ya kuficha au ni ya chakula?"

Nikasema, "Ya chakula."

"Tangu lini?"

Nikaanza kulia, na mama alikuwa amesimama hapo hapo. Mama Minza akasubiri mpaka nikamaliza, halafu akasema anakuja.

Kwao Usukumani mambo yamegeuka kinyume na kwetu. Yeye kila r anaifanya l. Anaandika "habali za asubui", anasema balabala. Baadaye aliniambia kwamba aliposoma ujumbe wangu na jibu la yule dada, alicheka kwanza, kisha akashika kichwa, kwa sababu yeye amezoea kusomwa vibaya maisha yake yote, kwa hiyo huwa anamsoma kila mtu mara mbili. Kwake yote mawili ni sili, kwangu yote mawili ni siri, na ndiyo maana hakudhani, aliuliza. Katika watu ishirini na kitu na mtaalamu mmoja, aliyeuliza ni huyo.

Alikuja baada ya siku mbili. Alibadilisha magari mawili na bodaboda, mwanamke mnene, kitenge kizito, na dumu la maziwa ya mgando amelipakata kama mtoto. Akamwamkia mama, mama akamuuliza ni nani. Akasema jina lake, akasema anatoka Nyamahanga, akasema, "Mimi ni mwenzake Mama Devotha kwa kila kitu, na hizo dawa nazimeza huu mwaka wa kumi na tatu." Alilisema kama mtu anayetaja dhehebu lake.

Mama aliandaa chakula, maana mgeni ni mgeni: ndizi na maharage mapya. Sinia ya wote ikaja, na bakuli langu likaja. Mama Minza akaliangalia bakuli, akaligeuza chini, akauona msalaba. Akamuuliza mama kama ni la kubarikia. Basi akakaa chini karibu yangu, akamimina maziwa humo humo, akamega ndizi, akala. Akamega nyingine akanipa. Nikala. Tulikula polepole kwenye bakuli moja mbele ya mama yangu, na tonge la tatu likashuka, na la nne.

Nilimgojea mama aone haya. Nilikuwa nimelitamani jambo hilo kwa miezi. Badala yake alikasirika, tena sijawahi kumwona hivyo.

"Unanifundisha mimi?" alimwambia Mama Minza. "Dada yangu alikufa kwenye chumba hicho, enzi ambazo dawa hakuna. Nilimwosha mimi. Nilimlisha mimi. Nesi wa wakati ule alikuja hapa, akaniambia tenga vyombo, choma nguo, nikafanya vyote. Nani alirudi kuniambia niache?"

Hakuna aliyerudi. Mimi mwenyewe, niliyekaa kwenye mabenchi ya kliniki miaka yote ile na vipeperushi mkononi, sikuwahi kumweleza. Niliona afadhali kufa njaa kuliko kumwambia mama yangu, "Mama, vyombo haviambukizi." Walimfundisha woga, wakaondoka, wakabadilisha somo huko huko maofisini, naye akabaki na lile la kwanza. Mimi nilikuwa nikimwona mkatili, kumbe alikuwa mwanafunzi mzuri ambaye mwalimu amemsahau. Mama Minza akamweleza yote, bila haraka, mpaka maswali yakamwishia. Mama hakuomba msamaha na sikumdai. Jioni ile alimwacha Devotha akae anapotaka.

Kupona hakukuwa kwa siku moja, msidanganywe na mtu. Masika yote nilikuwa mtu wa uji. Vijiko vitano, kutapika, kupumzika, vijiko vitano. Mama alikuwa anakaa mlangoni na chungu, anahesabu vijiko kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza, na nikimwambia inatosha anasema bado viwili. Kulikuwa na siku niliamka nataka chumvi, chumvi tu, na nikaona ni baraka kubwa. Nywele ziliota tena, laini kama za mtoto mchanga, na Devotha akawa anapenda kuzipapasa.

CTC nilirudi na kopo lililokuwa nusu wakati lilitakiwa kuwa tupu. Kwenye daftari lao nilikuwa nimeandikwa mtoro. Mtoro, kama mtoto aliyekimbia shule akavue panzi. Nikapangiwa vikao vitatu vya kuonywa juu ya kumeza dawa vizuri. Nilikaa vyote. Kikao cha kwanza nilimwambia mhudumu kwamba sikutoroka, nilikuwa nakufa, na kama kuna safu ya hilo kwenye daftari aniandike huko. Hakuwa nayo. Yule nesi wa mzani alisikia, akaja akanishika bega, na tangu siku hiyo akimwona mtu amepungua hamuulizi kama anakula. Anamuuliza jana amekula nini, na nani. Kitu kidogo hicho, lakini nimeona watu wakilia mbele ya mzani kwa swali hilo, na mlango wa dawa ukawa umefunguka.

Dada Rehema naye alipiga. Mama Minza alikuwa ameshamweleza, na nadhani hakumweleza kwa upole. Alikuwa analia. Nilimwambia, "Usilie, dada. Ukilia wewe itabidi nikubembeleze, na mimi sina nguvu." Akaomba nimsamehe. Nilimjibu kwamba bado, ila aendelee kupiga. Na alipiga, namsifu kwa hilo, kila Alhamisi saa nane, nami nikiwa kwenye jiwe. Alitaka tuhamie kwenye ujumbe wa sauti ili asikosee tena, nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi, maana hata kwa sauti ningesema siri. Tukakubaliana jambo lingine. Mtu akisema, anayesikiliza anamrudishia kwa maneno yake: mimi nimeelewa hivi, ndivyo? Na msemaji ana ruhusa ya kusema sivyo. Wanawake walilipenda. Maua yalipungua. Watu wakaanza kuandika kwa r zao na l zao kuhusu wakwe, kuhusu kutolala, kuhusu kuogopa kuposwa, na mmoja wa Runazi aliandika kwamba anaongea na picha ya marehemu mtoto wake, tukakaa naye siku nzima kwenye hilo. Kiangazi kilipofika kipimo changu kilikuwa kimeshuka tena, na mimi ndiye niliyekuwa nawapigia wapya.

Nilimsamehe Dada Rehema mwezi wa mavuno ya mahindi. Nilimwambia hivyo hivyo, leo nimekusamehe, tukaendelea na mazungumzo.

Halafu mradi ukaisha. Hakuna aliyetuita kutuambia. Asubuhi moja saa nne ukaja ujumbe mrefu, haukuandikwa na Dada Rehema, ulikuwa wa mtu wa ofisini: mradi umefikia ukomo kwa mafanikio makubwa, tunawashukuru akina mama kwa ushirikiano, tunawatakia afya njema. Chini yake hatukuona kona wala maua. Siku hiyo nilikuwa kwenye jiwe, kwa hiyo niliona kwa macho yangu kilichofuata. Juu ya kundi pale paliandikwa kwamba kuna mtu anaandika. Haikuwa na jina, ilikuwa namba tu, namba ya mwanamke aliyekuwamo tangu mwanzo na hakuwahi kuandika hata salamu. Hata moyo hakuwahi kuweka. Alikuwa anaandika, anaacha, anaandika. Muda mrefu, kama mtu asiyezoea herufi. Kisha likaja tangazo kwamba kuanzia sasa wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe katika kundi hili, na yale maandishi ya kwamba anaandika yakapotea.

Nilimpigia Dada Rehema. Mkataba wake ulikuwa umeisha wiki hiyo, na hata yeye hakuwa anaijua ile namba ni ya nani. Fomu zilikuwa zimebaki ofisini. Nikapiga ofisini. Mtu mstaarabu sana akaniambia taarifa za washiriki haziwezi kutolewa, ni siri.

Basi niliichukua ile namba kutoka kwenye orodha ya kundi, nikampa Mama Minza, tukagawana siku. Yeye anapiga siku ya gulio, mimi napiga Jumapili nikitoka kanisani, hata mvua ikinyesha, na mama siku hizi ananishikia mwavuli. Vuli imeingia tena na hajapokea. Sijui ana shida gani. Sijui yuko Ngara au Biharamulo, ana mume au hana, alikuwa anaaga au alikuwa anaomba. Lakini simu yake inaita, kwa hiyo kuna mtu anaichaji. Na Jumapili iliyopita haikuita mpaka mwisho kama siku zote. Iliita mara mbili, ikapokelewa, nikasikia mtu anapumua. Sikumtakia afya njema. Nilimwambia jina langu na kijiji changu, nikamwambia kwamba siku ile nilimwona akiandika, na kwamba nimekaa kwenye jiwe, sina haraka, amalizie.